Nguchiro Abisha Hodi

Simba alipokwisha kugawa mashimo kwa wanyama wasio na makazi, alimtuma Nguchiro akachunguze kama msaada umewafikia. Nguchiro alikuwa mtu wa utaratibu. Alibisha hodi kila shimo, na aliyeitikia ndiye aliyehojiwa.

Kalunguyeye, ambaye hakupata shimo, alimfuata nyuma tangu asubuhi, miiba yake imelowa mvua.

"Mheshimiwa, nihoji na mimi."

"Unakaa wapi?"

"Sikai popote. Hilo ndilo ninalotaka kukuambia."

"Sasa hodi nitabisha wapi?" Nguchiro aliuliza kwa upole. "Mimi namhoji aliye ndani. Nikimkuta ndani, kwangu huyo ndiye mwenye nyumba."

Kalunguyeye akamshukuru, akaenda zake.

Utafiti ulitoa majibu mazuri mno. Wote waliohojiwa walikuwa na makazi, kwa hiyo Simba akafurahi na ugawaji ukafungwa. Nguchiro akarudi kwake hoi, mvua ikimnyeshea, akakuta mlango wa shimo lake umejaa miiba.

"Toka! Hapa ni kwangu!" akafoka.

"Mheshimiwa, hujabisha hodi," Kalunguyeye akajibu. "Bisha, halafu uulize maswali yako. Leo nimo ndani."