Fungate Mbele ya Taifa

Jicho langu la kushoto ni mali ya umma, kama barabara. Sheria ya sisi wavumbuzi wa anga ndiyo hiyo: ninachokiona, nchi nzima inakiona papo hapo kwenye simu. Hata fungate haina msamaha.

Basi hapa hotelini, katikati ya jangwa la Chalbi, mume wangu Nyale anachana nywele kila nikimgeukia. Jana aliteleza akatumbukia bwawani na kanzu yake, taifa zima likacheka pamoja nasi. Sijawahi kufurahi hivi, hata siku ile nilipokanyaga Mirihi.

Leo, baada ya chakula cha mchana, nikafumba macho.

"Sasa tuko wawili tu," nikamwambia. "Sema lolote."

Akaninong'oneza, "Chapati zako ngumu kama ngozi ya ngamia. Lakini nazipenda kuliko za Mama."

Tukacheka mpaka kitanda kikalia.

Simu ya chumbani ikaita. Nyale akaipokea, kisha akanipa mimi. Alikuwa mama mkwe.

"Mwanangu, picha imepotea," akasema kwa upole. "Lakini sauti tunaipata vizuri sana. Endeleeni tu."