Mbweha na Kichaka cha Bangimwitu

Mwaka ambao Mbweha alishikwa na njaa kuliko miaka yote, ndio mwaka aliojifungua Digidigi. Alimlaza mwanawe ndani ya bangimwitu, yale magugu yanayonuka ambayo hata mbuzi huyakwepa.

Siku ya tatu Mbweha akamzibia njia. Alikuwa mwongo tangu utotoni, na aliamini kila kiumbe ni mwongo kama yeye.

"Dada, mtoto yuko wapi?"

Kichaka kilikuwa hatua kumi tu kutoka hapo.

"Yumo humo kwenye bangimwitu," Digidigi akajibu.

Mbweha akasogea, akaingiza pua, akapiga chafya mara tatu. Shina moja likatikisika. Digidigi akabana pumzi.

"Mama gani humlaza mwanawe kwenye uvundo?" Mbweha akacheka. "Umemficha kule kwenye bustani ya watu, katika mimea iliyo ndugu ya magugu haya, ile yenye maua makubwa ya rangi ya chungwa!"

"Bwana, nakusihi, usiende huko."

Kusikia hivyo, Mbweha akatimua mbio. Bustanini walikuwepo mbwa wawili wakali. Walimrarua mguu, akahama bonde lile akichechemea.

Digidigi akajitosa kichakani. Kwa ukali wa harufu ile, hata yeye hakuweza kumnusa mwanawe. Akapapasa huku na huko, moyo ukimdunda, mpaka mdomo wake ukagusa mgongo wenye joto. Akaanza kumlamba. Manyoya yalikuwa machungu kama shubiri, naye hakuacha.