Mji wa Baba kwa Kompyuta ya Zamani

Uvumi ulianzia kanisani mtaani Noonkopir, na Jentrix hakuweza kuutoa kichwani: eti mchezo wa marehemu ukibaki kwa kompyuta, humwita mtoto amfuate.

Mumewe alipokuwa hai, kila Jumamosi yeye na binti yao walikuwa wakijenga mji ndani ya mchezo mmoja wa kompyuta, barabara kwa barabara. Kwa hivyo asubuhi hiyo, mtoto akiwa shuleni, Jentrix alimwita fundi akafuta kila kitu kwenye kompyuta ya zamani, vile nguo za marehemu zilivyogawanywa zikaisha.

Jioni binti aliketi mbele ya kompyuta mpya aliyoletewa na mjomba. Wiki nzima Windows mpya iliyo ndani yake ilikuwa imekataa kufungua ule mchezo wa zamani. Ghafla akapiga makofi.

"Mama, mchezo umekubali! Kuja uone!"

Kwenye skrini palikuwa na nyasi tupu na mto, kabla ya mji wowote kujengwa. Binti akagusa skrini kwa kidole.

"Hapo kando ya mto Baba alikujengea nyumba. Alisema ni siri mpaka siku utakuja kuona. Sasa nitoe mji wetu kwa ile kompyuta ya zamani niulete hapa, sindio?"

Jentrix akaishika meza. Vidole vyake bado vilinukia mafuta ya maombi aliyoipaka ile kompyuta asubuhi, fundi alipomaliza kufuta.

"Mama, mbona unalia?"

Mama unayesoma haya:

Usisikize uvumi ukiwa na majonzi.

Usifute kitu cha marehemu kabla ya kuuliza watoto.

Usiseme ni mchezo tu.

Na mtoto akikuuliza, usimwambie kompyuta iliharibika yenyewe.