Vishale vya Langoni

"Yule bibi wa mbele mmemtoa wapi?" aliuliza Mkurugenzi Maeng, darubini machoni, kwenye dirisha la ghorofa ya pili. "Anatukana kama kazaliwa nayo."

Mhandisi Pyo alicheka. Alikuwa amemwagiza wakala wake, Seol, alete waigizaji arobaini kutoka mji wa Daegu saa tatu asubuhi, wajifanye wanakijiji wanaopinga jalala la kampuni ya Maeng. Kila mmoja alitia sahihi kukubali kupigwa umeme usioua. Mtambo wake wa kurusha umeme ukilizuia kundi langoni, Maeng angeununua. Usipolizuia, miaka sita ya Pyo imekwenda na maji.

Watu wa langoni walikuwa wamefika robo saa mapema, wengi wazee, viatu vya mpira vimejaa tope. Bibi yule, kavaa suruali ya maua, alikuwa akiligonga lango kwa mpini wa jembe.

"Maeng, mbwa wewe! Kisima changu kinanuka kwa taka zako. Mjukuu wangu kaota vidonda mwili mzima. Shuka uyanywe hayo maji!"

"Hata jina langu kafundishwa," alisema Maeng, amefurahi kweli.

"Seol hafanyi kazi nusunusu."

Pyo alishika kipaza sauti, akawaonya mara tatu warudi nyuma. Bibi akatema mate.

"Nina miaka sabini na minne. Utanitisha na nini, we mtoto?"

Mwanamume mmoja alimvuta mkono. "Mama, twende zetu."

"Nenda wewe."

Pyo akabonyeza kitufe. Kutoka kwenye sanduku lililowekwa ndani ya lango, vishale viliruka kwa mpigo, kila kimoja na waya wake. Bibi alikakamaa kama ubao, akaanguka kifudifudi kwenye lami. Wengine wanne wakamwangukia. Waliosalia walirudi nyuma wakiwaburuta wenzao, wakilia. Mpini ukabaki palepale.

Maeng alipiga makofi taratibu. "Igizo limekwisha na bado wanalia. Nachukua mitambo kumi na miwili."

Simu ya Pyo iliita. Ni Seol. Hakumpa nafasi hata ya kusalimia.

"Dada, umenitoa kimasomaso! Yule bibi mpe chakula mara mbili."

"Bibi gani, Mhandisi?" Seol aliuliza. "Nilitaka kukuomba radhi. Basi limepata pancha huku Gumi. Watu wako wote arobaini ninao hapa barabarani."