Mwanga Uliopandishwa

Fundi aliporudi maabara alikuta picha kwenye kompyuta zinazidi kuwa nyeusi. Damu ikamchemka.

Hadubini ya leza hupiga kipande cha nyama kilichokatwa kwa mgonjwa picha tabaka kwa tabaka, toka juu hadi chini. Yeye aliiwekea mwanga hafifu, maana mwanga mkali huunguza rangi ya kijani waliyopaka, na rangi ikiungua ugonjwa hauonekani tena. Mwenzake, waliyempachika jina la Bwana Haraka, alikuwa ameupandisha hadi mwisho.

"Nani kakutuma uguse?"

"Dada, usinipandie kichwani. Ulivyoweka wewe tungekesha hapa!"

"Tabaka za chini ziko wapi?"

Bwana Haraka alichungulia. Kijani kilibaki ukingoni tu, chembamba kama uzi wa buibui.

"Si wamkate kipande kingine?"

"Kingine! Mtoto wa watu katobolewa ini, kalia mpaka sauti ikakauka, wewe unasema kingine kama unaagiza chai?"

Nyuma ya mlango wa kioo mama wa mtoto alikuwa amesimama, mwanawe mgongoni, akiwatabasamia kwa matumaini.

Fundi, naye mzazi, akaufungua mlango.

"Nenda kamwambie. Kwa mdomo huohuo."