Mafuvu Juu ya Meko

"Toa hii kitu mbele yangu!"

Mzee Ruhimbika aliisukuma zawadi kwa ncha ya kiatu, katikati ya sebule yake pale Westerville, Amerika.

Wageni walikuwa wametoka Louisville kuja kumposa binti yake, Uwera. Ndoa yenyewe aliipanga mzee, na Uwera alikwisha amriwa aache kazi yake Buffalo ahamie kwa mume. Kilichobaki ni kupokea zawadi na kutaja ng'ombe wa mahari.

Mposaji, Ndahiro, alileta picha kubwa iliyofungwa karatasi, hata mshenga wake hakuwa ameiona. Ilikuwa picha ya zamani ya kuchapwa, ya meko ya kifahari, yale ya kuota moto sebuleni. Nguzo za Kirumi, nyoka, mashada ya maua. Na juu kabisa, safu ya mafuvu ya ng'ombe yenye macho matupu, kama Warumi wa kale walivyopamba mahekalu yao.

Mzee hakuwa na haja na Warumi. Kwao, milima ya Kivu Kusini, siku ya posa husifiwa ng'ombe walio hai, wenye maziwa. Kumletea baba mkwe mafuvu ni kumtakia zizi tupu. Ndahiro masikini, aliyekulia Iroquois, mtaa wa huko Louisville, ng'ombe alimjua kwenye galoni ya maziwa tu.

"Bon. Donc mahari yetu ni bichwa za ngombe zenye zilishakufa?"

"Mzee, nilisikia unapenda ngombe..."

"Nani alikuambia hii itanifurahisha?"

Ndahiro alitazama mlangoni, aliposimama Uwera na sinia ya soda. Akainamisha macho.

"Nilichagula mwenyewe."

Donati, mshenga, alipiga magoti akaomba radhi, akaitupia lawama Amerika nzima. Haikusaidia kitu. Mzee alikuwa amekwisha fungua mlango.

"Mutoke! Mutoto yangu hataolewa kwenu, hata siku moja!"

Uwera alikimbilia chumbani, kitenge usoni, mabega yakimtikisika. Mama yake alimfuata, akabembeleza nje ya mlango.

"Pole, mwanangu. Mungu atakupa mwingine."

Ndani, Uwera aliteremsha kitenge, akashika simu na kumwandikia Rakeli, fundi mwenzake katika karakana ya meko kule Buffalo:

"Asante kwa ile picha. Mzee hakumaliza hata soda. Jumatatu niko kazini."