Milimita Tano za Binti

Daktari wa meno alipima kwa mara ya tatu kwenye picha ya eksirei. Mfupa ulioyashika meno ya mbele ya chini ya baba yake ulikuwa umebaki milimita mbili tu.

Akaisogeza alama ya kipimo juu kidogo, kwenye kivuli ambacho si mfupa wala si chochote. Tano.

"Tano, baba. Ukiyatunza, yatakaa."

Mzee alikuwa kwenye kiti cha wagonjwa, tarumbeta yake mapajani. Kwa miaka arobaini meno hayo ndiyo yaliyoibeba. Akayasukuma kwa ulimi; yakalala mbele, yakarudi.

"Hiyo tano amepima daktari, au amepima binti yangu?"

"Daktari."

"Mbona unakuna sikio? Tangu utotoni hujui kudanganya, mama."

Binti akaushusha mkono. Akapiga moyo konde, akairudisha alama mahali pake.

Mzee aliitazama ile mbili kwenye kioo cha kompyuta. Kisha akatoa leso, akaifuta tarumbeta taratibu, kitufe kwa kitufe, kama anayemwogesha mtoto.

"Haya, koleo lako la kung'oa lisubiri kidogo," alisema. "Funga mlango."

Akaiinua tarumbeta hadi mdomoni.